Ikaruga sebuleni: kusimamisha skrini, kukata ucheleweshaji na kucheza kwa sarafu moja

Ikaruga, gemu ya ndege inayopiga risasi, iliingia kwenye kumbi za michezo za Japani Desemba 2001. Iliundwa na studio ya Treasure, mwongozaji akiwa Hiroshi Iuchi, juu ya bodi ya Sega iitwayo NAOMI. Septemba 2002 ilikuwa tayari imetua kwenye Dreamcast, konsoli ya nyumbani ya Sega. Haraka hiyo si muujiza, kwa sababu NAOMI na Dreamcast ni ndugu wa damu: prosesa ni ileile, Hitachi SH-4 ya megahezi 200, na tofauti kubwa ni kumbukumbu, megabaiti 32 kwenye mashine ya ukumbini na 16 kwenye ya nyumbani. Baadaye zikafuata GameCube mwaka 2003, Xbox 360 mwaka 2008, kompyuta kupitia Steam mwaka 2014, kisha Switch na PlayStation 4 mwaka 2018.

Kila safari ya kuhama, programu ilifika salama. Vilivyobaki ukumbini ni vitu viwili: skrini iliyosimama wima, na sarafu ya yen 100. Asiyevirudisha anacheza Ikaruga ya ukubwa wa kitambulisho, anabonyeza kuendelea mara thelathini, anafika mwisho, halafu anasema gemu ni fupi. Yafuatayo ni ya kuvirudisha vyote viwili. Vipimo na mifano ya konsoli ni ya Switch na PlayStation 4, maana ndizo rahisi kupata, lakini karibu yote yanafaa kwa gemu nyingine yoyote ya ndege ya Kijapani iliyotengenezwa kwa skrini ya wima.

Hesabu ya kioo

Monitor ya inchi 24 ya uwiano wa 16:9 ina upana wa sentimita 53 na kimo cha sentimita 30 hivi. Picha ya Ikaruga ni 3:4, kimo kikizidi upana. Monitor ikiwa imelala, picha inabanwa na kimo: sentimita 30 kwenda juu, 22 na nusu kwenda pembeni. Zaidi ya nusu ya kioo ulichonunua inakaa bure. Isimamishe, na picha ileile inakuwa na upana wa sentimita 30 na kimo cha 40. Eneo linapanda kutoka sentimita za mraba 675 hadi 1,200. Umepata karibu mara 1.8 bila kutoa senti.

Wajapani huita mkao huu tate, yaani wima, na ule wa kulala yoko. Utayaona maneno hayo kwenye menyu za gemu nyingi za aina hii, hata zilizotafsiriwa.

Skrini gani inafaa

Tafuta monitor ya kompyuta ya inchi 22 hadi 27 yenye shingo inayozunguka, au yenye matundu manne mgongoni ya kufungia mkono wa chuma. Matundu hayo huwa kwenye mraba wa milimita 75 au 100, na parafujo ni za M4. Pima kabla ya kununua mkono.

Aina ya kioo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kioo cha TN, kile cha monitor za bei ya chini, kinaonekana vizuri ukikitazama kutoka pembeni lakini rangi zake hubadilika ukikitazama kutoka juu au chini. Sasa ukikisimamisha, juu na chini vinakuwa kushoto na kulia: jicho moja linaona kivuli kimoja na jingine linaona kingine, na upande mmoja wa skrini unapauka. Kwenye gemu ambayo uhai wako unategemea kutofautisha nyeupe na nyeusi, hilo ni balaa. IPS, aina nyingine ya kioo, haina tatizo hilo. VA, aina ya tatu, ina weusi mzuri zaidi, ila nyingi huacha kivuli nyuma ya kitu cheusi kinachopita juu ya mandhari yenye giza, na hapa risasi nyeusi ni chakula cha kila sekunde. Mwenye uchaguzi achukue IPS.

TV kubwa ya sebuleni usiisimamishe. Miguu yake haikutengenezwa kwa hilo, matundu ya hewa yamepangwa kwa mkao mmoja, na kuiegemeza ukutani ni kuitafutia ufa. TV ya chogo ndiyo usiiguse kabisa. Ya inchi 29 inaweza kuzidi kilo 40, ikilazwa ubavu rangi hupata madoa kwa sababu ya sumaku ya dunia, na ndani yake umeme mkali hubaki hata baada ya kuchomoa waya. Mashine za ukumbini kama Egret II ya Taito zilijengwa na fremu maalumu ya kuzungushia monitor, fremu ambayo TV ya nyumbani haina.

Kuizungusha

Maliza kwanza shughuli zote za mfumo wa konsoli: masasisho, kuunganisha padi, kupakua gemu. Kinachozunguka ni picha ya gemu tu. Menyu kuu ya konsoli itabaki imelala, na kuandika neno la siri huku umeinamisha shingo ni adhabu usiyoihitaji. Kisha:

1. Zima monitor, chomoa nyaya zote.

2. Kama ina shingo inayozunguka, ipandishe mpaka juu kabisa, iinamishe kidogo kwa nyuma, ndipo uizungushe kwa kufuata saa. Ukiruka kuinamisha, kona ya chini inagonga meza, na kona ndipo fremu ilipo dhaifu.

3. Kama unatumia mkono wa chuma, laza monitor kifudifudi juu ya blanketi, fungua kitako, funga bamba kwa parafujo nne za M4 za milimita 10 au 12. Zikaze kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Parafujo ikigoma kabla haijafika mwisho, acha. Ni ndefu mno, na ukilazimisha itasukuma kioo kwa nyuma. Utaona doa jeupe ambalo halitoki tena.

4. Rudisha waya wa HDMI ukiwa monitor imeshasimama. Tundu sasa linaangalia pembeni, kwa hiyo acha mkunjo wa ziada wa sentimita 30 ili waya usivute tundu.

5. Ingia Ikaruga, fungua chaguzi za skrini, chagua kuzungusha. Picha ikitoka miguu juu, chagua mzunguko wa upande wa pili.

Baada ya dakika kumi tazama tena ukingo wa juu. Mkono wa bei nafuu hulegea na monitor hurudi taratibu, digrii mbili tatu, na hutajua kwa nini ndege inakwenda mshazari. Kuna parafujo ndogo ya msuguano kwenye kiungo cha nyuma. Ndiyo ya kukaza.

Kwenye Switch yenyewe, bila monitor

Skrini ya Switch ya kwanza ni inchi 6.2. Ikilala, Ikaruga inapata upana wa sentimita 5.8 tu. Ikisimama inapata 7.7 kwa 10.3, na hapo gemu inachezeka. Toa Joy-Con zote mbili, zile padi ndogo za pembeni, kwenye reli, simamisha konsoli kwa ubavu ndani ya kishikio cha tableti chenye mdomo wa mpira, cheza na Joy-Con mkononi au padi nyingine. Mguu wa nyuma wa konsoli hausaidii kwa mkao huu.

Angalia matundu mawili. La chaji, ambalo kwa kawaida liko chini, sasa liko ubavuni, na hiyo ni faida. La kutolea hewa moto, lililokuwa juu, nalo linaelekea upande wa pili. Usiliegemeze kwenye kitabu au mto.

Ucheleweshaji

Gemu inakwenda picha 60 kwa sekunde. Picha moja ni milisekunde 16.7. TV inayorembesha picha kabla ya kuionyesha inaweza kukula milisekunde 100, yaani picha sita, na katika picha sita risasi imeshapita pale ulipodhani ipo. Wengi hulaumu vidole vyao miezi kadhaa kumbe kosa ni la TV.

Washa hali ya gemu kwenye skrini. Usingoje konsoli iiwashe yenyewe. Switch ya kwanza haitumi ishara ya kuiwasha. Zima kulainisha mwendo, kupunguza chembe, mwanga unaojirekebisha na kontrasti inayobadilika. Hizi mbili za mwisho ni mbaya kwa sababu nyingine pia: gemu inapobadilisha mandhari kutoka anga kwenda pangoni, TV inatia giza kila kitu, na risasi nyeusi, ambazo kwa kweli huonekana na wekundu, zinazama humo. Zile nyeupe zina ubuluu. Rekebisha mwanga mpaka wekundu ule uonekane wazi hata kwenye kona ya giza.

Kupima hakuhitaji kifaa cha maabara. Chukua simu yenye kupiga video ya mwendo wa pole ya picha 240 kwa sekunde, ielekeze ili ionyeshe kidole na ndege pamoja, bonyeza kulia, kisha hesabu picha kutoka kidole kugusa hadi ndege kusogea. Kila picha ni milisekunde 4.2 hivi. Fanya mara tano, chukua wastani, washa hali ya gemu, rudia. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mali ya TV. Kinachobaki ni cha gemu, konsoli na padi, na hapo huna mengi ya kufanya, isipokuwa, kwa mfano, kwenye PlayStation 4 unaweza kuamuru padi iwasiliane kwa waya wa USB badala ya bluetooth.

Kama kingo za picha zimekatwa, tafuta kwenye TV chaguo la kuonyesha picha nzima bila kukuza, na kwenye Switch weka ukubwa wa skrini asilimia 100.

Vitufe

Kazi ni tatu: kupiga, kubadili rangi ya ndege, kuachia nguvu. Kupiga unakushikilia karibu muda wote, kwa hiyo kuweke kwenye kitufe cha bega, chini ya kidole cha shahada. Kubadili rangi kuwe chini ya dole gumba peke yake. Ukiviweka vyote viwili chini ya gumba, utaacha kupiga kila unapobadili, na mnyororo, yaani mfululizo wa kuua unaoleta alama, utakatika.

Kwa mwelekeo, tumia msalaba wa vitufe au fimbo ya arcade. Joy-Con ya kushoto ina vitufe vinne vilivyotengana. Kwenda mshazari kunasumbua. Kwa fimbo, Sanwa JLF ndiyo inayopatikana zaidi, na ina uzio wa mraba unaozuia mwendo wa fimbo. Wachezaji wa gemu za ndege wengi wanapenda Seimitsu LS-32 kwa sababu safari yake ni fupi: unaigusa, ndege inajongea kidogo tu. Hiyo ndiyo kazi kubwa hapa, kujongea kidogo.

Rangi mbili

Ndege yako ina hali mbili, nyeupe na nyeusi. Risasi ya rangi yako unainywa. Ya rangi nyingine inakuua. Kugonga adui au ukuta kunakuua kwa rangi yoyote. Ukipiga adui wa rangi tofauti na yako, unamuumiza mara mbili. Kila risasi kumi ulizokunywa zinajaza pao moja la geji, na mapao ni 12. Ukiachia, yote yaliyojaa yanatoka kwa mpigo kama miale inayosaka maadui yenyewe.

Kwenye kiwango cha kati, adui akifa kwa risasi ya rangi yake anarusha risasi za kisasi. Mgeni anaziogopa. Mzoefu anazitamani, maana ni za rangi aliyo nayo: unamuua mweupe ukiwa mweupe, unanywa kisasi chake, geji inapanda. Kiwango rahisi hakina kisasi. Kwa hiyo kinafundisha gemu nyingine kabisa; kitumie siku moja kuzoea vitufe, kisha kiache.

Eneo linalonywa risasi ni pana kuliko eneo linalokufa. Linalokufa ni doa dogo katikati ya ndege. Chukua mfano: kushoto kwako kuna mkondo mweupe, kulia mkondo mweusi, nawe ni mweupe. Ingia kwenye mweupe kwa bawa la kushoto, usiuvamie kwa tumbo. Unakunywa, geji inasogea pao moja, mawili. Mkondo mweusi unakaribia bawa la kulia. Hapa mgeni anabadili rangi kwa woga, na papo hapo ule mkondo mweupe aliokuwa ameukalia unageuka sumu. Kinachotakiwa ni kutoka kwanza, nusu ya upana wa ndege, kusimama penye nafasi, kubadili, kisha kuingia upande wa pili. Kutoka, kubadili, kuingia. Fanya mazoezi ya mpangilio huo mpaka kidole kikatae kubadili ukiwa ndani ya mkondo.

Mnyororo

Alama hazitoki kwenye kuua wengi bali kwenye kuua kwa mpangilio: watatu wa rangi moja, kisha watatu wengine wa rangi moja, yoyote kati ya mbili. Weupe watatu na weusi watatu ni sawa. Weupe wawili na mweusi mmoja, umekatika.

Utatu wa kwanza unalipa 100, wa pili 200, wa tatu 400, na unaongezeka maradufu mpaka 25,600 kwenye utatu wa tisa, unapobaki hapo. Hesabu gharama ya kukatika: utatu tisa wa kwanza kwa jumla unalipa 51,100, ilhali tisa zikiwa juu kabisa zinalipa 230,400. Kosa moja katikati ya sura, yaani hatua moja ya gemu, linakula karibu 180,000, na hasara hiyo huioni, kwa sababu skrini haitangazi kilichopotea.

Mnyororo hukatika kwa sababu mbili kuu. Moja ni kushikilia kitufe cha kupiga bila kuachia: risasi iliyopita adui uliyemlenga inamkuta mwingine nyuma yake, wa rangi nyingine. Mahali ambapo rangi zimechanganyika, bonyeza mojamoja. Ya pili ni ile miale. Inasaka bila kuuliza. Iachie pale ambapo skrini ina rangi moja tu, au kwa bosi, adui mkubwa wa mwisho wa sura.

Usijifunze mnyororo wa sura nzima kwa mara moja. Maadui wa Ikaruga huja kwa mpangilio uleule kila mara, kwa hiyo jifunze kundi la kwanza la sura ya 1, andika kwenye karatasi «N N N, E E E», N ikiwa nyeusi na E nyeupe, kisha ongeza kundi moja. Matoleo ya Dreamcast na GameCube yana hali ya mazoezi inayokupa kipande kimojakimoja, hata kwa mwendo wa pole. Kama toleo lako halina hali hiyo, karatasi ndiyo mwalimu.

Sarafu moja

Weka kanuni: sarafu moja kwa mchezo, roho tatu, ukifa zote umemaliza. Usibonyeze kuendelea, hata ukiwa karibu na bosi. Ukumbini kila kuendelea kulikuwa yen 100 nyingine, na bei hiyo ndiyo iliyomfanya mtu ajifunze sura ya 2 vizuri badala ya kuipita. Nyumbani ni bure, na hapo ndipo mafunzo yanapovujia. Ukitaka kuona sura za mbele ili kuzisoma, tenga siku ya kuendelea bila kikomo, na siku hiyo usihesabu chochote.

Gawa malengo hivi. Kwanza, kupita sura ya 1 bila kufa, hata bila mnyororo. Pili, kufika mwisho wa sura ya 2, ambako kuta na matofali yanayosogea huua kuliko risasi. Humo tazama mapengo, achana na maadui. Sura ya 3 ndiyo inayowarudisha wengi nyuma, na inahitaji muda mara mbili ya zilizotangulia. Mnyororo uanze kuutafuta pale tu unapofika sura ya 3 mara tatu kati ya tano.

Kuna njia ya tatu ya kucheza, ya wenye subira: bila kupiga risasi hata moja. Mabosi wana saa, ikiisha wanaondoka wenyewe, na ukimaliza sura hivyo gemu inakupa daraja la DOT EATER. Hata kama hulitaki, cheza sura ya 1 namna hiyo kwa wiki moja. Ukinyang'anywa risasi, macho yanaacha kuwafuata maadui na kuanza kuona mikondo.

Utahitaji macho hayo mwisho wa sura ya 5. Umbo la mwisho la bosi haliangushwi kwa risasi zako. Saa inahesabu sekunde 60, naye anamwaga rangi zote mbili pande zote. Usizunguke skrini. Kaa chini katikati, sogea kwa upana wa ndege tu, na ubadili rangi kila mkondo unapogeuka, ukiwa umeshatoka kwenye ule wa kwanza.